Siri ya Nani? Faragha, Tafsida na Kupeana Taarifa kati ya Wataalamu wa Ulinzi wa Mtoto Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna taarifa kuhusu mtoto aliye hatarini zinavyosafiri, au zinavyokwama, kati ya mwalimu, mhudumu wa afya, afisa ustawi wa jamii na polisi. Yanadai kwamba kikwazo kikubwa hakitoki katika sheria peke yake. Kinatoka pia katika matumizi ya neno siri, katika tafsida zinazofunika jambo linalopaswa kuelezwa waziwazi, na katika majina ya ukoo na ya vyeo yanayobeba maana zaidi ya moja. Mifano imechukuliwa kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na kisa kimoja cha London kilichochunguzwa kwa kina. Mwishoni yanapendekezwa maswali matano ya kumwongoza mtaalamu kabla ya kutoa taarifa au kuizuia.

1. Utangulizi

Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Methali hii hutajwa mara nyingi panapozungumzwa malezi, lakini upande wake wa pili hautajwi sana. Ikiwa mikono inayolea ni mingi, macho yanayoona madhara nayo ni mengi, na hakuna jicho hata moja linaloona yote.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa msichana wa miaka 11 anayeishi kwa mjomba wake katika mji wa mpakani. Mwalimu ameona kwamba tangu muhula uanze mtoto anasinzia darasani na anachelewa kuondoka kengele ya mwisho ikilia. Muuguzi wa zahanati amemtibu maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu katika miezi minne. Mwenyekiti wa mtaa amesuluhisha ugomvi wa mume na mke katika nyumba hiyo, na mke alitamka jambo ambalo halikuandikwa popote. Kiongozi wa dini ameombwa amwombee mtoto aliyebadilika tabia.

Kila mmoja kati ya hawa wanne ana maelezo ya kawaida ya alichokiona. Watoto husinzia, maambukizi hurudi, wanandoa hugombana, na tabia hubadilika umri unapopanda. Hakuna aliyezembea kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Hata hivyo, vipande vinne vikiwekwa pamoja vinazua swali zito ambalo kipande kimoja hakiwezi kulizua. Swali hilo lisipoulizwa, mtoto hurudi kila jioni katika nyumba ileile.

Ukubwa wa tatizo haupaswi kudhaniwa kuwa mdogo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya kila 10 walikuwa wamepata angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana, kiwango kilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 13. Watoto hao walisoma shuleni, walitibiwa zahanati na waliishi katika mitaa yenye viongozi.

2. Siri, usiri na faragha

Mtaalamu anayeombwa taarifa za mtoto mara nyingi hujibu kwa sentensi moja: hiyo ni siri. Sentensi hiyo fupi hubeba mambo matatu yanayofaa kutenganishwa.

La kwanza ni siri yenyewe, yaani jambo lililofichwa. Siri haina maadili yake. Kuna siri ya kumlinda mtu na kuna siri ya kumlinda aliyemdhuru. Mkuu wa kaya anaposema kwamba haya ni mambo ya ndani ya nyumba, anazungumzia siri kwa maana hii, na mwenye kunufaika nayo anaweza kuwa yeye.

La pili ni faragha. Katika matumizi ya kawaida faragha ni mahali au hali ya kuwa mbali na watu. Katika matumizi ya kisheria ya leo ni haki ya mtu kutoingiliwa katika maisha, mwili na habari zake. Haki hii ni ya mtoto mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja katika ibara ya 16, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unaitaja katika ibara ya 10.

La tatu ni usiri, yaani wajibu wa mtaalamu kutoeneza alichoaminiwa nacho. Usiri ni deni la mtaalamu kwa mtoto. Kwa kuwa ni deni, hauwezi kutumiwa dhidi ya mdai. Daktari anayenyamaza ili mtoto asiaibishwe mtaani anaulipa usiri. Daktari anayenyamaza huku akijua kwamba mtoto ataumizwa tena anaitunza siri ya mtu mwingine.

Mikataba hiyo miwili haikuiacha faragha peke yake. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa na ibara ya 16 ya Mkataba wa Afrika zinazitaka nchi ziwe na utaratibu wa kutambua, kuripoti, kupeleka kunakohusika, kuchunguza na kufuatilia matukio ya kudhuriwa kwa watoto. Hatua hizo haziwezekani bila taarifa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Waandishi wa mikataba waliziweka haki zote mbili, faragha na ulinzi, kwa sababu mtoto yuleyule anazihitaji zote.

3. Sheria za ukanda zinasemaje

Katika Tanzania Bara, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa ya eneo husika. Zanzibar ina Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2011. Nchini Uganda, Sheria ya Watoto inalitaka kila baraza la serikali za mitaa liteue mjumbe mmoja kuwa katibu wa masuala ya watoto, ili mwenye taarifa awe na mtu wa kumwendea. Nchini Rwanda kila kijiji kina watu wawili wa kujitolea, mwanamke na mwanamume, waitwao Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia. Simu ya msaada wa watoto hupigwa kwa nambari 116 Tanzania, Kenya na Uganda.

Katika miaka ya karibuni zimeongezeka sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizi zimeleta hofu kwa baadhi ya watumishi, wanaodhani kwamba sasa hawaruhusiwi kumweleza mwenzao lolote bila ruhusa ya mzazi. Hofu hiyo hutokana na kuzisoma nusu. Kifungu cha 33 cha sheria ya Kenya, kwa mfano, kinadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, lakini kifungu hichohicho kinaeleza kwamba wanaotoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee wanaweza wasidaiwe idhini hiyo. Mantiki yake ni nyepesi. Mlezi anaposhukiwa kuwa ndiye chanzo cha madhara, kumwomba idhini ni kumpa ufunguo wa mlango ambao mtoto anajaribu kutokea.

Hata hivyo kuripoti na kupeana taarifa ni mambo mawili. Kuripoti huenda upande mmoja: mwalimu anapeleka habari kwa mamlaka, kisha anarudi darasani. Kupeana huenda na kurudi. Afisa ustawi wa jamii humweleza mwalimu kwamba taarifa imepokelewa, humwambia aangalie nini, na humjulisha mtoto anapohamishiwa shule nyingine. Sheria nyingi za ukanda zimeeleza vizuri jambo la kwanza. La pili limeachiwa miongozo, mazoea na, mara nyingi, urafiki wa watu binafsi. Afisa mmoja akihamishwa wilaya, njia ya taarifa huhama naye.

4. Upele uliotuliza wasiwasi: funzo kutoka London

Kisa kilichochunguzwa kwa kina kuliko vingi katika uwanja huu kilitokea Uingereza, na mtoto mwenyewe alikuwa Mwafrika. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast mwaka 1991. Mwaka 1998 alichukuliwa na shangazi wa baba yake kwa ahadi ya kusomeshwa Ulaya, ahadi ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki nazo huitoa na kuipokea kwa nia njema. Baada ya kupitia Ufaransa aliingia London mwezi Aprili 1999 kwa jina la mtoto mwingine. Alifariki tarehe 25 Februari 2000 akiwa na umri wa miaka 8, na mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2001.

Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Lord Laming ulitoa ripoti yake mwezi Januari 2003, ikiwa na mapendekezo 108. Ilibainika kwamba mtoto huyo alijulikana kwa idara nne za ustawi wa jamii, timu mbili za polisi za ulinzi wa watoto, hospitali mbili na kituo kimoja cha shirika la hisani la watoto. Ripoti ilihesabu angalau fursa 12 ambazo angeweza kuokolewa.

Tukio moja kati ya hayo lina funzo la pekee kwa wanaoshughulika na lugha. Mwezi Julai 1999 familia ya mlezi wake wa kutwa iliingiwa na shaka ikampeleka hospitali. Daktari wa kwanza alishuku kwamba mtoto ameumizwa. Daktari bingwa akaamua kwamba alama za mwilini zilitokana na upele. Neno upele lilipofika kwa watu wa ustawi wa jamii na polisi, lilipokewa kana kwamba limejibu maswali yote, na mtoto akarudishwa kwa shangazi. Siku chache baadaye aliletwa katika hospitali nyingine akiwa ameungua kichwani na usoni.

Katika tukio hili taarifa ilifika. Neno lilivuka kutoka taaluma moja hadi nyingine, lakini uzito wake ulibadilika njiani. Kwa daktari, upele ni jina la ugonjwa, na mtoto mwenye upele anaweza pia kupigwa. Kwa asiye daktari, upele ulikuwa jawabu lililoondoa shaka ya kupigwa. Aliyepokea taarifa hakuuliza: je, ugonjwa huu unaeleza alama zote? Aliyeitoa naye hakuhakikisha kwamba jambo hilo limeeleweka.

5. Tafsida, majina ya ukoo na saa 72

Kiswahili ni lugha yenye adabu, na adabu hiyo ina vyombo vyake. Mambo ya mwili husemwa kwa tafsida. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono husemwa kwamba amechezewa, ameharibiwa, amefanyiwa mchezo mbaya au kitendo kibaya. Viungo vyenyewe huitwa sehemu za siri, na kwa jina hilo mtoto hufundishwa mapema kwamba yahusuyo viungo hivyo hayasemwi. Mbele ya wazee na majirani tafsida hizi zina heshima yake. Ndani ya barua ya rufaa zinaweza kumdhuru mtoto.

Sababu ni ya kitabibu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio hutakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo, na zisicheleweshwe kupita saa 72. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina ukomo wa saa 120. Ushahidi wa mwilini nao hupotea kadiri muda unavyopita. Barua inayosema kwamba mtoto amefanyiwa kitendo kibaya haimwelezi daktari kama saa zimeanza kuhesabiwa wala tangu lini. Mtoto anaweza kukaa kwenye foleni ya kawaida huku muda wa dawa ukipita.

Majina ya ukoo yana ugumu wake. Baba katika Kiswahili anaweza kuwa baba mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, baba wa kambo, au mzee yeyote anayeheshimiwa. Kaka anaweza kuwa mtoto wa mama mdogo. Taarifa isemayo kwamba baba amempiga, ikifika kwa afisa asiyeijua nyumba hiyo, inaweza kumfanya amwondoe mtoto kwa asiye na kosa na kumkabidhi kwa aliyempiga. Dawa yake ni kuandika uhusiano kamili na mahali mtu huyo anapolala.

Kuna pia maneno ambayo kila taaluma huyasikia kwa sikio lake. Mtaani, kushtaki ni kulalamika kwa mkubwa. Kwa mwanasheria ni kufungua mashtaka mahakamani. Muuguzi akiandika kwamba mtoto ameshtaki, polisi anaweza kudhani kwamba jalada limeshafunguliwa kwingine. Tofauti za nchi huongeza ugumu. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu huitwa PF3 Tanzania na P3 Kenya. Kazi ya afisa ustawi wa jamii upande mmoja wa Namanga hufanywa kwa sehemu kubwa na afisa wa watoto upande wa pili. Mtoto avukaye mpaka huvuka na msamiati wake.

Zilinganishwe taarifa mbili za kubuni. Ya kwanza inasema: Mtoto ananyanyaswa nyumbani, naomba asaidiwe. Ya pili inasema: Leo saa mbili asubuhi mtoto alionekana na alama nne ndefu mgongoni, mbili zikiwa zinatoa damu. Alisema kwamba jana usiku alipigwa kwa waya na mume wa mama yake, anayelala nyumba hiyohiyo. Ana mdogo wake wa miaka 3. Ya pili haina maneno makali kuliko ya kwanza, lakini anayeipokea anajua aliyeona, alichoona, alichosikia, nani yuko hatarini na haraka iliyopo. Imetenganisha pia kilichoonekana na kilichosemwa, jambo ambalo mahakama italihitaji.

6. Kupeana kupita kiasi

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba taarifa zote zitolewe kwa wote. Baada ya ripoti ya mwaka 2003, Uingereza ilijenga hifadhidata iliyoitwa ContactPoint, iliyokusudiwa kuwa na habari za msingi za watoto wote wa England, takriban milioni 11. Ilianza kutumika mwaka 2009 na kufungwa mwezi Agosti 2010, baada ya malalamiko mengi kuhusu usalama wake na wingi wa watu walioruhusiwa kuisoma. Huko Scotland, sheria ya mwaka 2014 iliyotaka kila mtoto awe na mtumishi maalumu wa kumwangalia ilifikishwa katika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Mwezi Julai 2016 mahakama hiyo ilikubali kwamba lengo la sheria lilikuwa halali, lakini ikaona kwamba vifungu vya kupeana taarifa havikulinda ipasavyo haki ya maisha ya faragha na ya familia.

Afrika Mashariki ina njia zake za kuvuka mpaka huo. Picha ya mtoto aliyejeruhiwa ikiwekwa katika kundi la WhatsApp la mtaa kwa nia ya kutafuta msaada, hufika kwa wanafunzi wenzake kabla ya kumfikia afisa. Mtoto huyo anaweza kunyamaza siku zote, na wenzake waliokuwa wakijiandaa kusema hujifunza kutokana na yaliyompata. Hali ya mtoto kuhusu VVU ikitajwa kwa asiyeihitaji huongeza jeraha juu ya jeraha. Tofauti kati ya taarifa na umbea haiko katika ukweli wa habari, kwa kuwa hata umbea unaweza kuwa kweli. Iko katika anayeambiwa na katika kazi atakayoifanya kwa kile alichoambiwa.

Njia mojawapo ya kupunguza safari za taarifa ni kuwakutanisha wataalamu. Kituo cha Isange, kilichoanzishwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru mjini Kigali, huweka pamoja tiba, upelelezi na msaada wa kisaikolojia. Jina lenyewe, kwa Kinyarwanda, ni la kumkaribisha mtu ajisikie yuko nyumbani. Vituo vya mkono kwa mkono vya Tanzania Bara na Zanzibar vinafuata wazo hilohilo. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto hasimulii upya kwa kila dawati, na maneno yake hayapiti katika vinywa vingi.

7. Maswali matano

Kutokana na mjadala huu, mtaalamu anayeshika taarifa kuhusu mtoto anaweza kujiuliza maswali yafuatayo.

Kwanza, ni nini kitampata mtoto taarifa hii isipotoka? Kunyamaza nako ni uamuzi, na unapaswa kuandikwa pamoja na sababu zake.

Pili, nani ana kazi ya kufanya na taarifa hii? Mwalimu anaweza kuhitaji kujua nani asiruhusiwe kumchukua mtoto getini, bila kuhitaji matokeo ya vipimo vyake.

Tatu, mtoto ameelezwa? Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inampa haki ya kusikilizwa. Ahadi ya kutomwambia mtu yeyote haifai kutolewa, kwa kuwa huenda isitimizwe. Inafaa kumwambia kwamba wataambiwa wachache wanaoweza kumsaidia, na kumtajia ni akina nani.

Nne, maneno yaliyotumika yataeleweka vivyo hivyo upande wa pili? Hapa ndipo tafsida, majina ya ukoo na istilahi za kitaaluma zinapopaswa kufafanuliwa.

Tano, mrejesho utatoka kwa nani na lini? Taarifa isiyo na mrejesho humwacha mtoaji akidhani kwamba mtoto yuko salama kwa sababu tu barua imeondoka mezani.

8. Hitimisho

Wanaoshughulikia istilahi za Kiswahili wana kazi inayowangoja katika uwanja huu. Kiswahili kinatambuliwa rasmi katika nchi kadhaa za ukanda huu, na ndicho lugha ambayo muuguzi wa Kigoma, mshauri wa Bujumbura na polisi wa Goma wanaweza kuzungumzia mtoto mmoja. Fomu ya pamoja ya rufaa kwa Kiswahili, yenye majina kamili ya viungo vya mwili, ya uhusiano wa kifamilia na ya aina za madhara, ingewafaa wote watatu. Kazi hiyo inahitaji wanaleksikografia kukaa meza moja na madaktari, polisi na maafisa ustawi wa jamii, na kuwasikiliza watoto wenyewe wanavyoyaita yaliyowapata. Mpaka fomu hiyo ipatikane, mwalimu, muuguzi, mwenyekiti na kiongozi wa dini wa mfano uliotolewa mwanzoni wataendelea kushika kila mmoja kipande chake, na msichana wa miaka 11 ndiye pekee atakayekuwa na vipande vyote.